Kinywa cha Mbwa: Meno, Ukoga na Bakteria

Msamvu ni njia panda ya mji wa Morogoro. Hapo hukutana barabara zitokazo Dar es Salaam, Dodoma na Iringa, na hapo ndipo kilipo kituo kikuu cha mabasi. Palipo na wasafiri pana chakula, palipo na chakula pana makombo, na palipo na makombo mbwa hawakosekani. Baadhi yao wana wenyewe, wengine hawana. Huko juu, katika vijiji vya milima ya Uluguru, mbwa ni mlinzi wa nyumba na msaidizi wa mkulima katika kuwafukuza nguruwe mwitu, nyani na tumbili wasimalize mahindi shambani. Mjini na mlimani, chombo cha kazi cha mnyama huyu ni kimoja: kinywa chake. Kwa kinywa hula, hubeba, hupigana, hujisafisha na huwatunza watoto wake.

Watu wengi waliokaa karibu na mbwa wamekwisha kuona mambo mawili yanayoonekana kupingana. La kwanza, kinywa cha mbwa mzima aghalabu hunuka. La pili, meno ya mbwa ni nadra kutoboka kama yatobokavyo meno yetu. Kinywa kichafu kinawezaje kuwa na meno yasiyo na matundu? Jibu la swali hili litatufunza mengi juu ya bakteria, asidi na chumvichumvi za madini. Tena litatufikisha kwenye jambo la kufa na kupona, yaani namna ya kujihadhari na kinywa hicho.

Meno ya mbwa

Mbwa huzaliwa hana meno. Meno ya utoto huanza kuchomoza akiwa na umri wa wiki 3 hivi, na yakitimia huwa 28. Meno ya ukubwani huanza kuyaondoa hayo mbwa afikapo umri wa miezi 3 au 4, na mbwa wa miezi 7 kwa kawaida huwa amekwisha kupata meno yake yote 42. Kwa sababu hiyo daktari wa mifugo anaweza kukadiria umri wa mtoto wa mbwa kwa kumtazama kinywani tu.

Meno hayo 42 yamegawanyika hivi: taya la juu lina 20 na taya la chini lina 22. Kila taya lina meno 6 madogo ya mbele, chonge 2, na magego madogo 8. Magego makubwa ni 4 juu na 6 chini. Linganisha na binadamu, ambaye ana meno 32 yaliyogawanyika sawasawa juu na chini.

Gego dogo la nne la juu na gego kubwa la kwanza la chini, kila upande, hupishana kama makali mawili ya mkasi. Hayo ndiyo meno ya kukatia nyama na kuvunjia mifupa. Magego yetu ni mapana na yana mabonde juu yake, ambamo chakula hunasa. Meno mengi ya mbwa yamechongoka, na baina yake mna nafasi. Tofauti hii ya umbo ni sehemu ya kwanza ya jibu tunalolitafuta.

Wakazi wa kinywani

Mnamo mwaka 1683, Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa mji wa Delft nchini Uholanzi, alikwangua utando mweupe uliokuwa baina ya meno yake, akauchanganya na maji safi, akautazama kwa hadubini aliyoitengeneza mwenyewe. Aliona viumbe vidogo mno vikienda huku na huko. Aliandika habari hizo kwa Chama cha Kifalme cha Sayansi cha London. Hiyo ni miongoni mwa taarifa za kwanza kabisa za mwanadamu kuwaona bakteria, na mahali alipowaona ni kinywani.

Utando huo kwa Kiswahili huitwa ukoga. Ukoga si mabaki ya chakula, ijapokuwa wengi hudhani hivyo. Ni jamii ya bakteria hai walioshikamana wao kwa wao na kushikamana na jino, wakiwa wamezungukwa na ute walioutengeneza wenyewe. Jino likisafishwa sasa hivi, protini za mate hulifunika mara moja kwa ngozi nyembamba isiyoonekana. Bakteria wa kwanza huishika ngozi hiyo, kisha wengine huwashika wale wa kwanza. Katika muda wa siku moja utando mpya huwa umekwisha kujengeka. Ndiyo maana kusukutua kwa maji peke yake hakuondoi ukoga: ute huo huwakinga bakteria na maji, kadhalika na dawa nyingi. Hauna budi kusuguliwa.

Je, bakteria wa mbwa ni hao hao tulio nao sisi? Uchunguzi uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2012, uliotumia mbinu za kusoma chembe za urithi, ulitambua aina takribani 350 za bakteria katika vinywa vya mbwa. Katika hizo, ni kama aina 16 tu kwa kila 100 zilizoonekana pia katika vinywa vya binadamu. Kwa hiyo ule usemi kwamba kinywa cha mbwa ni safi kuliko cha mtu hauna msingi, na usemi ulio kinyume chake hausemi mengi pia. Vinywa hivi viwili ni kama misitu miwili yenye miti tofauti, kwa sababu hali ya kila kimoja ni tofauti.

Kwa nini meno ya mbwa hayatoboki

Jino la binadamu hutobolewa na asidi. Bakteria fulani wa kinywa chetu, hasa yule aitwaye Streptococcus mutans, hula sukari na kutoa asidi. Asidi hiyo huyeyusha madini ya enameli, nayo enameli, ingawa ndiyo sehemu ngumu kuliko zote mwilini, haistahimili asidi ya kila siku. Wanga nao una sehemu yake, kwani mate yetu yana kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho huanza kuugeuza wanga kuwa sukari tukiwa bado tunatafuna. Mwanafunzi akitafuna tonge la ugali kwa muda mrefu bila kulimeza ataonja utamu kidogo. Huo ndio ushahidi wake.

Kwa mbwa mambo ni mengine. Kwanza, mate yake yana alikali zaidi. Mate ya binadamu huwa karibu na 7 katika kipimo cha pH, pengine chini ya hapo. Ya mbwa huwa karibu na 8, na asidi ikitokea huzimuliwa upesi. Pili, mate ya mbwa karibu hayana amilesi kabisa. Si kwamba mbwa hawezi kula ugali, anaweza sana. Mwaka 2013 wanasayansi walionyesha kwamba mbwa wengi wana nakala nyingi zaidi za jeni ya amilesi kuliko mbwamwitu, alama ya maelfu ya miaka ya kula makombo ya wakulima. Lakini amilesi hiyo hutoka katika kongosho na kufanya kazi utumboni, mbali na meno. Tatu, mbwa hatafuni sana, bali hukata na kumeza. Nne, kama tulivyosema, umbo la meno yake halinasishi chakula kwa urahisi. Matundu humpata mbwa mara chache, hasa katika magego makubwa ya nyuma yaliyo mapana kama yetu.

Kinga yenye gharama

Hata hivyo, hali ile ile inayomkinga mbwa na matundu humletea balaa jingine. Msomaji aliyewahi kutumia maji ya kisima yenye chumvi nyingi anaujua ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika. Ukoko huo ni madini yaliyokuwa yameyeyuka majini, kisha yakatengana na maji na kuwa mango. Kinywani hutokea jambo linalofanana na hilo. Mate yana kalisi na fosfati. Katika hali ya asidi madini hayo hubaki yameyeyuka. Katika hali ya alikali huganda kwa wepesi. Kwa kuwa mate ya mbwa ni ya alikali, ukoga wake hugeuka kuwa mango katika siku chache tu. Ukoga uliokwisha kuganda hivyo huitwa ugaga. Rangi yake ni ya manjano au hudhurungi, na hukaa zaidi upande wa nje wa magego ya juu, karibu na mashavu, ambako ndiko mifereji ya mate inakotokea.

Ugaga wenyewe ni kama jiwe, nao haumdhuru mbwa sana. Ubaya wake ni kuwa una mikwaruzo na vishimo ambavyo ukoga mpya hujishikiza. Ukoga huo huteremka chini ya ukingo wa ufizi, mahali ambapo hewa ya oksijeni haifiki. Hapo hustawi bakteria wasiopenda oksijeni, kama vile Porphyromonas gulae, ndugu wa karibu wa bakteria aletaye ugonjwa wa fizi kwa binadamu. Bakteria hao hula protini na kutoa gesi zenye salfa, mojawapo ikiwa ni ile yenye harufu ya yai viza. Hiyo ndiyo asili ya harufu ya kinywa cha mbwa. Si sharti mbwa anuke; harufu mbaya ni dalili ya ugonjwa.

Mwili haukai kimya mbele ya uvamizi huo. Hupeleka damu nyingi na chembechembe nyeupe kwenye ufizi, nao huwa mwekundu, huvimba na hutoka damu ukiguswa. Hatua hii ya kwanza hupona kabisa ukoga ukiondolewa. Usipoondolewa, vita huendelea, na silaha za mwili wenyewe huharibu nyuzi zinazolishikilia jino, kisha mfupa wa taya. Ufizi hurudi nyuma, shimo hujengeka baina yake na jino, jino hulegea na mwishowe hung'oka. Mfupa uliokwisha kupotea haurudi. Mbwa wengi wenye umri wa zaidi ya miaka 3 huwa na dalili za ugonjwa huu kwa kiwango fulani. Madaktari wa mifugo huuhusisha pia na madhara katika moyo, figo na ini, kwa kuwa bakteria kutoka kwenye fizi zenye vidonda huweza kuingia katika damu.

Dalili na matunzo

Mbwa halalamiki. Aliyezoea makombo ataendelea kula hata akiwa na meno mabovu, maana asipokula atakufa. Kwa hiyo mwenye mbwa hana budi kutazama dalili hizi: harufu kali, fizi nyekundu au zenye damu, ugaga, kutafuna kwa upande mmoja, kuangusha chakula, kujikuna uso kwa mguu, na uvimbe chini ya jicho. Uvimbe huo mara nyingi ni usaha uliotoka katika mzizi wa lile gego la nne la juu.

Matunzo bora ni kumpiga mbwa mswaki kila siku, kuanzia utotoni ili azoee. Dawa ya meno ya binadamu isitumike, kwa maana mbwa hawezi kusukutua na kutema. Huimeza, na baadhi ya dawa hizo zina zailitoli, sukari ambayo kwa mbwa ni sumu. Mswaki laini na maji safi vyatosha. Mfupa je? Kutafuna husugua sehemu ya juu ya jino, lakini hakufiki chini ya ufizi. Tena mfupa mgumu huweza kulivunja gego, na mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa koo au utumbo. Ugaga uliokwisha kuganda hauondolewi kwa mswaki wala kwa kisu cha nyumbani. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo, naye huifanya baada ya kumlaza mbwa usingizi kwa dawa. Wakazi wa Morogoro wana bahati ya kuwa jirani na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1984, ambacho hufundisha madaktari wa mifugo na kina hospitali ya wanyama.

Mate ya kuogopwa

Sasa tufike kwenye jambo lililo zito kuliko yote. Mbwa anayetokwa na mate mengi, aliyeangusha taya la chini na kushindwa kumeza, huonekana kana kwamba mfupa umemkwama kooni au jino linamuuma. Mwenye huruma hutaka kumfungua kinywa atazame. Asithubutu! Hizo ni dalili za kichaa cha mbwa cha aina ya kimya, ambacho hupoozesha taya na koo. Mbwa huyo huenda hang'ati wala habweki kwa ukali, lakini mate yake yamejaa virusi, na mkwaruzo mdogo mkononi watosha kuvipitisha. Jambo la kufanya ni kujitenga naye, kuwaondoa watoto, na kumwita ofisa wa mifugo.

Virusi hivyo si bakteria, na dawa ziuazo bakteria havizijali. Huweza kuonekana katika mate siku chache kabla ya mbwa kuonyesha dalili yoyote. Baada ya kuingia jerahani husafiri polepole kwa njia ya neva mpaka kwenye ubongo, na dalili zikishaanza kwa mtu, karibu daima mwisho ni kifo. Mwendo huo wa polepole ndio nafasi yetu ya kuokoa maisha. Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, au akirambwa penye kidonda, afanye yafuatayo:

1. Aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15. Sabuni huvunja ganda la mafuta la virusi.

2. Aende siku ile ile katika kituo cha afya, hata kama jeraha ni dogo, ili apewe chanjo ya kichaa cha mbwa na kuangaliwa kama anahitaji kingamwili na chanjo ya pepopunda. Akamilishe sindano zote.

3. Asipake majivu, pilipili wala mafuta ya taa. Hayaui virusi, nayo hupoteza wakati.

4. Mbwa akijulikana na kuweza kufungwa salama, aangaliwe kwa siku 10. Lakini matibabu ya mtu yasingoje siku hizo zipite.

Mbali na virusi, jeraha la mbwa hupandikiza bakteria ndani sana ya nyama. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999 ulimkuta bakteria wa jamii ya Pasteurella katika nusu ya majeraha ya mbwa yaliyokwisha kuingia uambukizo. Huyu huweza kuleta uvimbe na maumivu kabla ya siku moja kupita. Mwingine, Capnocytophaga canimorsus, humdhuru mtu mara chache, lakini ni hatari kubwa kwa mtu ambaye wengu wake umeondolewa au haufanyi kazi. Jambo hili linatuhusu hasa, kwa kuwa nchini kwetu wapo watoto wengi wenye ugonjwa wa selimundu, na ugonjwa huo huharibu wengu tangu utotoni. Mtoto wa namna hiyo asirambwe vidonda na mbwa, na akiumwa apelekwe kwa daktari bila kukawia.

Ni kweli kwamba mate ya mbwa yana kemikali kiasi zinazopunguza nguvu za baadhi ya bakteria, na labda hapo ndipo ilipotoka imani kuwa ulimi wa mbwa huponya vidonda. Lakini mate hayo hayo hubeba hao wote tuliowataja.

Kinga iliyo bora ni kumchanja mbwa. Shirika la Afya Duniani hueleza kuwa mbwa ndio waletao hadi 99 kwa mia ya maambukizo ya kichaa hiki kwa binadamu, na kwamba wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100 mfululizo wa maambukizo hukatika. Kuanzia mwaka 2010 mikoa ya kusini-mashariki mwa Tanzania, Morogoro ukiwemo, pamoja na kisiwa cha Pemba, ilishiriki katika mradi mkubwa wa chanjo ulioratibiwa na shirika hilo. Kazi hiyo haiishi kwa mara moja, kwa sababu kila mwaka huzaliwa watoto wapya wa mbwa wasio na kinga. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, nayo ni fursa nzuri ya somo hili shuleni.

Jaribio la darasani

Mwalimu asiwaruhusu wanafunzi kuchukua mate ya mbwa. Kanuni ya somo yaweza kuonyeshwa kwa vitu vya jikoni. Chukua vipande vitatu vya ganda la yai. Kimoja kitie katika siki au maji ya ndimu, cha pili katika maji safi, na cha tatu katika maji yenye magadi soda kidogo. Viache kwa siku mbili, mkiandika kila mnachokiona. Kile kilichomo katika siki kitatoa mapovu, kitalainika na kuyeyuka. Vingine viwili vitabaki vigumu. Wanafunzi wakumbuke kwamba ganda la yai ni kabonati ya kalisi, ilhali enameli ni fosfati ya kalisi, ambayo huyeyuka polepole zaidi. Kinachofanana ni kanuni: asidi huyeyusha madini ya kalisi, alikali haiyayeyushi.

Maswali

1. Eleza kwa nini mate yenye alikali humpunguzia mbwa matundu ya meno na wakati huo huo humzidishia ugaga.

2. Ukoga una tofauti gani na mabaki ya chakula? Tofauti hiyo inatufundisha nini juu ya kusukutua na kupiga mswaki?

3. Amilesi ya mbwa hufanya kazi utumboni, ya binadamu huanza kinywani. Onyesha jinsi jambo hili linavyohusiana na afya ya meno ya kila mmoja wao.

4. Jirani yako amemkuta mbwa wake akidondokwa na mate, taya limelegea. Anataka kuingiza mkono atoe mfupa. Utamwambia nini, na kwa sababu zipi za kisayansi?

5. Chunguzeni katika mtaa wenu ni mbwa wangapi waliochanjwa mwaka huu, kwa kuwauliza wenye mbwa. Je, idadi hiyo inafikia 70 katika kila 100?